Salamu kwa Binti wa Musyoka

Jumatatu, 4 Oktoba 1954. Thika

Sindano za gramafoni zimekwisha tena. Nimenoa mbili kuukuu kwa ubavu wa kiberiti. Spika ya sokoni inakoroma tangu mvua ya juzi. Nimepanda ngazi nikaikausha kwa shati langu. Wauza ndizi wananiambia, Bwana Redio, shuka utuimbie mwenyewe. Sina hamu ya utani.

Redio yenyewe si redio. Ni maikrofoni moja katika holi, waya juu ya nguzo na spika chache mjini. Asubuhi ni matangazo ya serikali. Lakini Jumamosi alasiri ni yangu. Namleta mpiga muziki, namhoji, anapiga, mwisho anatuma salamu kwa watu wake. Hapo nasema, "Anayesalimiwa aitikie!" Aliye chini ya spika anapaza sauti: "Zimefika!" Watu wanacheka, wanampiga mgongo. Hilo nililibuni mimi. Najivunia, sifichi.

Sasa wapigaji hawapo. Wakikuyu waliokuwa wazuri wamezolewa tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, wengine kambi za kizuizini, wengine hatuulizi. Wiki jana nilimhoji Mluhya mwenzangu anayepiga chupa kwa kijiko. Aibu.

Afisa wa ustawi ameniita. Amepata mashine ya utepe. Kipindi kitanaswa, kisha gari litakipeleka kwenye vijiji vipya vya Wakikuyu, vilivyozungushiwa mahandaki, kuwachangamsha. Nisipopata mpigaji wa maana kufikia Jumamosi, saa yangu itapewa hotuba za vyoo.

Jumatano, 6 Oktoba

Ruiru na dereva Okelo. Mashamba ya kahawa, vumbi, njaa. Tumeuliza shamba hadi shamba. Nilikuwa nimekata tamaa, nikasikia kodiani nyuma ya meza za kuanikia kahawa.

Sijasikia mkono kama ule. Mkono wa kushoto unatembea kama mtu mzima aendaye kwake, wa kulia unafanya utundu. Nilisimama kwenye maganda ya kahawa hadi akamaliza.

Anaitwa Musyoka. Mkamba, kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, macho hayatulii. Amekataa. Nimembembeleza bila haya. Amekataa tena. Nikamwambia watu watamsikia hata vijijini. Akauliza vijiji gani. Nikavitaja nilivyovikumbuka. Nilipofika kile cha upande wa Gatanga akaanza kufunga kodiani yake polepole, kamba moja moja.

Amesema atafikiri. Ya nini kufikiri? Nimerudi nimekasirika.

Ijumaa, 8 Oktoba

Musyoka amekuja mwenyewe, kwa miguu kutoka Ruiru. Nilikuwa peke yangu holini nikifagia. Akafunga mlango.

Si Mkamba. Ni Mkikuyu. Alikulia mpakani na watoto wa Kikamba ndiyo maana lugha inamtoka vizuri. Kipande chake cha kitambulisho ni cha rafiki yake Mkamba aliyekufa kwa homa. Kaka yake mkubwa aliingia msituni, na baada ya hapo wanaume wote wa nyumba yao wanatafutwa. Yeye hakula kiapo cha watu wa msituni, anasema. Namwamini. Hata kama nisingemwamini, ningefanya nini?

Akanieleza anachotaka. "Nina binti yangu kule kijijini, Bwana Redio. Wamemwambia nilipigwa risasi barabarani. Mimi nataka asikie sauti, basi. Akishasikia, mimi nimemaliza."

Nikamfikiria binti yangu kule kwetu Maragoli, ana miaka sita, ameanza kusoma. Angeambiwa mimi maiti. Nikalainika, mjinga mimi.

Lakini niliweka masharti. Hakuna jina la mtu. Hakuna jina la mahali. Hakuna neno la Kikuyu hata moja. Akikamatwa kwa mdomo wake, mimi nami naingia kambini kwa kumficha. Akakubali yote. Akaongeza kwamba jina halina haja, binti yake atajua.

Naogopa. Naandika tu kwamba naogopa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Kimekwenda vizuri kuliko vyote.

Amepiga nyimbo za Kikamba, hakukosea hata moja. Nikamhoji. Alijifunza wapi? Kwa kumtazama mzee mmoja akipiga kwenye arusi. Nini kigumu katika kodiani? Kupumua, kwa sababu yenyewe inapumua na wewe unasahau zamu yako. Holi ikacheka. Nani alimnunulia? Aliuza mbuzi, baba yake akamfukuza, mama akamficha kwa shangazi. Hapo alitabasamu mara ya kwanza.

Mwisho salamu. Nikamsogezea maikrofoni. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Nasalimia binti yangu. Mwambieni baba yake anakula na kulala. Asilie." Basi. Nikapiga kelele yangu ya kila wiki, anayesalimiwa aitikie. Mtaani hakuna aliyeitika, bila shaka, maana si wa hapa. Yote yamo kwenye utepe.

Wakati anatoka nilimuuliza binti ana umri gani. Mlango ulikuwa umejaa watu wakimsifu, hakusikia.

Jumapili, 10 Oktoba

Kanisani watu wamenishika mkono kama mimi ndiye niliyepiga. Fundi cherehani anataka Musyoka arudi. Afisa ameridhika. Hakuna hotuba za vyoo.

Nimelala mchana wote.

Jumanne, 12 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa.

Kijiji cha upande wa Gatanga. Handaki lenye miti iliyochongwa, daraja moja, mnara wa homugadi, walinzi Wakikuyu wa serikali. Wanawake walikuwa wametoka kazi ya lazima, matope hadi magotini. Wameketishwa chini mbele ya gari. Hakuna aliyechangamka. Mkuu wa homugadi alisimama kando na bunduki, mtu wa makamo, koti la jeshi.

Okelo akawasha mashine. Nyimbo zikapita juu ya vichwa vyao. Mahojiano, kimya. Nikawatafuta watoto kwa macho, nikitaka kumwona binti. Watoto walikuwa wengi, wamekonda wote. Sikujua ni yupi.

Ikafika salamu. Kisha sauti yangu mwenyewe kwenye spika, ile kelele yangu.

Akasimama mwanamke mzima. Nywele nyeupe, jembe mkononi. Si mtoto. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi mnarani, "Zimefika, baba."

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Nilidhani bibi amechanganyikiwa. Nilitaka hata kucheka.

Mkuu wa homugadi hakucheka. Alikuja akasema turudishe utepe. Tukarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Maragoli. Akatikisa kichwa. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Kwao mwana wa kiume wa pili huitwa jina la baba ya mama yake. Kwa hiyo mama humwita baba. Naye humwita mama yake binti yangu. Kila Mkikuyu anajua. Huyu mama ana wana wawili. Mmoja yuko msituni. Wa pili walimhesabu amekufa.

Kwetu nasi tunarithisha majina ya wazee. Nimebeba la babu yangu. Ningetumia akili kidogo tu ningeuliza. Sikuuliza.

Akataka kujua mpigaji anakaa wapi. Nikasema sijui. Lakini kwenye utepe nimemtambulisha kama nilivyozoea: Musyoka, kutoka mashamba ya Ruiru. Nilimkataza yeye kutaja mahali, kisha nikataja mimi.

Wamechukua utepe. Wamemchukua mama. Alikwenda akitembea wima, hakuangalia gari letu.

Jumatano, 13 Oktoba

Nilimwomba Okelo tukachukue betri Ruiru. Hatukuhitaji betri. Alijua. Akawasha gari.

Polisi walikuwa wameanza na mashamba ya upande wa reli. Tuliwatangulia. Musyoka alikuwa akigeuza kahawa mezani kwa mikono yake ile. Nikamwita kando, nikamwambia kimbia, gari lipo, Okelo atakufikisha hadi Yatta, kwa Wakamba. Nikamweleza yaliyotokea, nikiruka ruka maneno.

Hakuniuliza kuhusu polisi. Aliuliza, "Aliitika?"

Nikasema aliitika.

"Alisema nini?"

Nikamwambia. Zimefika, baba.

Akakaa juu ya debe. Akauliza sauti yake ilikuwaje, kama alikuwa amekonda, kama alisimama sawasawa. Nikajibu yote. Nikamwambia tena akimbie. Nilimshika shati. Akaniondoa mkono bila hasira.

"Bwana Redio, wakinikosa watamuuliza yeye. Unajua wanauliza namna gani."

Najua. Kila mtu Thika anajua.

Akaosha mikono kwenye mfereji wa kahawa. Akaenda ofisi ya shamba kwa miguu yake, kumwambia karani jina lake la kweli: Kamande. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilikaa ndani ya gari nimeinama hadi tukakaribia Thika.

Hakunitaja. Angenitaja, wangekuwa wameshakuja.

Alhamisi, 14 Oktoba

Afisa ameniita. Nilivaa tai, nikidhani ndiyo siku yangu ya kukamatwa. Amenipa chai.

Amenisifu. Amesema kipindi changu kimefanya kazi ambayo askari walishindwa kuifanya tangu mwaka jana. Kuanzia sasa anataka salamu nyingi zaidi. Kila mpigaji, kila wiki, na wasikilizaji nao. Jina kamili, jina la baba, mahali anapokaa anayesalimiwa. Homugadi atakaa karibu na kila spika kutazama nani anaitika. Na lile neno langu la mwisho nisilibadilishe, alisema, ni zuri sana.

Nilikunywa chai yote. Nilisema ndiyo, bwana. Najichukia.

Ijumaa, 15 Oktoba

Wapo watu wamepanga mstari holini kutaka kutuma salamu. Baba mmoja kutoka mashambani. Msichana anayemtafuta mchumba. Wanatabasamu. Wamesikia kipindi sasa kinafika vijijini. Niliwaambia waende nyumbani. Hawakuelewa. Yule baba alisema nimeanza kujiona.

Acha aseme.

Jumamosi, 16 Oktoba

Hakuna kipindi. Asubuhi nilifungua mashine ya utepe nikakata mkanda wake, kisha nikamwaga chumvi na maji ndani ya amplifaya, pole pole kama anayetia mboga chumvi. Afisa ameandikia Nairobi kuomba fundi. Nimemwambia ni ile mvua iliyolowesha spika. Fundi akija atajua si mvua. Nimemwandikia mke wangu asije Krismasi, nisingependa anikute sipo.

Mchana Okelo amerudi kutoka Gatanga na gari la unga. Kamande amepelekwa kambini, hakuna anayesema ipi. Mama wamemwachilia. Hawakumwambia walimpata vipi mwanawe, wala kwamba wamempata.

Amerudi kwenye kazi ya handaki. Okelo anasema amenyoa nywele kama anayeondoa matanga, amevaa nguo safi. Anawaambia wenzake mwanawe yu hai, anakula na kulala, amesikia kwa masikio yake.

Alimuuliza Okelo gari la muziki litakuja lini tena. Okelo akasema limeharibika.