Ziwa la Bluu Mbele ya Bomba Kavu

Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la kinu chako. Hujambo? Mgongo umetulia? Wateja wanasaga au wanasagana? Sisi huku wazima, mimi zaidi, maana mimi, dada, ni mtu wa bahati. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mwenye kazi ya kunisifu hajaajiriwa bado. Watoto wengine huzaliwa wakilia. Mimi, mkunga alisema, nilitoka nikiuliza chakula kiko wapi.

Mji huu unapiga watu. Unapiga asubuhi, unapiga jioni, ukichoka unapumzika kidogo halafu unapiga tena. Nina miezi minne humu ndani na ngumi haijanipata hata moja. Juzi tu, kwenye bomba la mtaani (maji yanatoka kwa kudondoka, kama yanaombwa msamaha), mtu alimshushia mwenzake dumu lililojaa kichwani kwa kugombania nafasi. Damu ikaingia kwenye ndoo, na mwenye ndoo akaendelea kukinga! Pakachafuka. Mawe, mikanda, mmoja kang'atwa sikio. Mimi nilikuwa katikati kabisa. Nikatoka na ndoo yangu imejaa na shati halina mkunjo. Ngumi zinanijua, zikiniona zinapinda kona. Mumeo alipata uvimbe kidogo juu ya jicho. Unamjua Shemeji, hana mbio.

Umeuliza tunafanya kazi gani hasa, maana majirani wanasema nimemleta mumeo mjini kuosha vyombo. Waambie hivi. Kuna kigari cha magurudumu sita kule Mirihi, ile sayari nyekundu. Hakina dereva wala kondakta, kazi yake kupiga picha mawe. Picha zinashushwa, zinawekwa kwenye hifadhi ya wanasayansi, na yeyote anaruhusiwa kuzichukua. Tatizo zinakuja mbichi. Ukiifungua ilivyo, kompyuta inaikataa, au inakuonyesha kijivu chenye vitundu kama chekeche lako. Pembeni ya kila picha kuna lebo, maandishi matupu: upana, urefu, rangi ipi inatangulia. Sisi tunaifuata lebo na kuipika ile picha mpaka iwe ya kufunguka kwenye simu ya mtu yeyote, au ya kuchapwa kwenye kitabu na bango.

Bosi wetu tunamwita Darubini kwa anavyotukodolea macho. Ana sheria moja tu: mmoja anasoma lebo kwa sauti, mwingine anarudia neno kwa neno, ndipo anabonyeza. Shemeji ndiye msomaji, sauti yake kama redio ya zamani. Mbonyezaji ni mimi. Shule niliiacha njiani, lakini vidole vyangu vilimaliza.

Tangu wezi wang'oe nyaya za mnara wa simu huko kwenu, dereva wa lori la unga ndiye simu yetu. Mpe jibu akirudi.

Mdogo wako wa mwisho,
mwenye bahati zake

---

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, ina mafuta ya gari na uongo kidogo, lakini imefika. Mgongo unauma, kinu kinanguruma, namshukuru Mungu.

Nimecheka habari ya mkunga. Mama aliniambia ulitoka umekaa kimya mpaka ukapigwa kofi, na tangu siku ile hujanyamaza.

Sasa nisikilize bila kunikatiza, ingawa najua hata barua unaikatiza. Ndugu zake mume wangu wameanza. Wanasema kinu ni cha kaka yao, na kaka yao amenikimbia, kwa hiyo nifunge virago. Jana mdogo wao alikuja amelewa, akang'oa kufuli. Nikamtwanga na mpini wa koleo mgongoni, akaenda kunishtaki kwa mama yake. Watarudi, na hawatarudi na mikono mitupu. Mwenyekiti wa mtaa amesema hana la kufanya, mwenye kinu aje mwenyewe, asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwamba mke wake ndiye mwenye mashine. Amempa mpaka katikati ya Aprili.

Mwambie mume wangu aje. Yeye kwenye barua ananiandikia maneno mawili, "Tuko salama," kama anayelipia kila herufi. Na huo uvimbe wa jicho ulipatikanaje, wakati wewe ndiye uliyekuwa katikati?

Mrudishe mzima.

Dada yako

---

Tarehe 24 Machi

Dada yangu jembe,

Salamu kwako na kwa ule mpini wa koleo. Afya zetu njema. Shemeji amekubali, ameomba ruhusa, anapanda lori la unga Jumamosi. Amenunua na shati la kusemea mbele ya watu. Nimelijaribu, linanipendeza zaidi.

Halafu sikia hii. Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa, tena mkubwa wa mita sita kwa kumi!

Alikuja mteja, mchapaji wa mabango. Wauza vitabu vya shule wanataka picha moja ya Mirihi, nzuri, iandikwe juu yake "Dunia Nyingine Inakusubiri." Haraka, leo hii. Shemeji akaanza kusoma lebo. Mimi lebo zile nishazizoea, wiki nzima nilikuwa napika za kamera moja, nyekundu inatangulia, bluu inafunga. Kabla hajamaliza nikabonyeza. Picha ikafunguka, dada, nikasimama! Nchi yote bluu. Bonde limekuwa ziwa, limetulia, lina vijiwe pembeni kama vya kufulia.

Shemeji akasema, "Rudia lebo. Hii ni kamera nyingine, rangi zinakuja kinyume. Umeweka bluu mahali pa nyekundu. Hilo ni vumbi."

Nikamwambia, "Shemeji, vumbi gani linang'aa hivi? Mteja ameshalia kwa furaha."

"Rudia lebo."

"Wewe ukifika kwa Mungu utamwambia arudie."

Darubini hakuwepo, alikuwa kwa daktari wa meno. Mteja akaondoka na faili. Na nikamwomba, kwa utundu wangu, aandike kwenye kona ya chini: jina la ofisi, mtaa, ghorofa ya tatu. Kwani mwenye kuku mzuri anamfunika kapu?

Bango limesimamishwa jana. Na bahati yangu ilivyo, wamelisimamisha mkabala na bomba letu, kila mtu aone. Bomba lenyewe limekauka kabisa, wiki ya pili sasa. Watu wanakaa juu ya madumu yao wanalitazama ziwa langu. Nadhani wamependa.

Mdogo wako wa mita sita kwa kumi

---

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Lori lilifika Jumapili. Nilikuwa nimepika, nimefagia mpaka nyuma ya kinu. Akashuka dereva peke yake. Nikamuuliza abiria wangu yuko wapi, akaanza kukagua tairi. Tairi zote, hata ya akiba. Akasema hakumkuta kituoni. Mtu mzima anadanganya akiangalia mpira.

Jumatatu walikuja, wawili, na mapanga. Wakaukata mkanda wa mashine vipande, wakamwaga magunia ya watu. Nikamrushia mkubwa wao jiwe la mizani, likampata gotini, nimesikia lilivyovunjika. Mdogo wake akanipiga begani kwa ubapa wa panga. Angegeuza makali, barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine. Mkono haunyanyuki, naandika nikiwa nimeulaza mezani kama samaki.

Nalala ndani ya kinu, nimeegemeza magunia mlangoni. Sikuogopa walipokuwepo. Naogopa sasa.

Mume wangu yuko wapi?

Dada yako

---

Tarehe 6 Aprili

Dada yangu,

Pole sana na bega. Likande kwa maji ya chumvi. Huyo wa goti akipona nitakuja kumvunja la pili, asitembee kama anacheza ngoma.

Usiwe na hofu. Kulitokea kafujo kadogo tu Jumamosi asubuhi, kabla ya lori. Watu wa bomba walikuja ofisini. Walisoma ile kona ya bango. Wengine wanasema tumegundua maji tunayaficha, wengine wanasema kama kuna wa kutafuta maji mbinguni, mbona hakuna wa kuziba bomba la mtaani. Walikuwa wengi, ngazi zilijaa. Wakavunja vioo, wakarusha kompyuta mbili dirishani. Darubini alitoka kwa mlango wa nyuma, meno yake mapya ndiyo yaliyotangulia.

Mimi nikashuka ngazi kuwakabili. Unaujua ulimi wangu, ungemchekesha hata mchimba kaburi. Nikawatupia utani, wakacheka, mmoja mmoja wakaanza kutawanyika. Jiwe moja lilipita hapa, karibu na sikio, likaniacha. Sina hata mkwaruzo. Nilikwambia!

Shemeji aliteleza kwenye ngazi. Anapumzika. Mkono wake wa kulia ndio unauma, ndiyo maana hakuandika. Akipata nafuu tu anapanda lori.

Anakusalimu.

Mdogo wako,
yule yule wa bahati

---

Tarehe 11 Aprili

Wewe,

Sikusalimu.

Mume wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Aliteleza na mikono yote miwili?

Nimemkamata dereva kwenye shati, nimemwambia hapandi lori lake mpaka aseme. Amesema amekuona mlangoni mwa hospitali umekaa chini, viatu huna, na kwamba ulipomwona ulimpungia mkono ukicheka. Ndicho kilichomtisha. Anasema ulikuwa unacheka bila sauti.

Nimekulea tangu mama alipolala. Nimekupigania na watoto waliokuzidi, nimeng'olewa jino kwa ajili ya mdomo wako. Nina haki ya kuambiwa. Niandikie kama mtu anayesoma lebo. Neno kwa neno, na usibonyeze kabla hujamaliza.

Dada yako

---

Tarehe 19 Aprili

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama kuna mtu kinuni, mtoe, au mwambie akae karibu nawe.

Shemeji amefariki. Alhamisi, saa za mchana, watu wakiwa wanapeana chai wodini. Siku moja tu katika zote zile alifumbua macho, akaniuliza, "Lori limeondoka?" Nikamwambia, "Linakusubiri." Akafumba. Hakusema tena.

Hawakucheka, dada. Nilishuka zile ngazi na utani mdomoni kama kawaida yangu. Nikasema, "Ndugu zangu, maji yale ya rangi, mkiyanywa mtakojoa bluu." Mbele yangu alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni, midomo ya mtoto imepasuka kwa ukavu. Yeye ndiye aliyeanza. Alinitazama, akanitupia dumu tupu kifuani. Halikuniumiza. Lakini ilikuwa kama kufungulia mbwa. Waliokuwa nyuma yake wakapanda wote kwa pamoja. Wakaipasua fremu ya mlango, wakapigana na vipande vyake. Fundi wa baiskeli wa ghorofa ya chini, ambaye hata hajui Mirihi ni nini, walimvunja mkono kwa sababu alikuwa njiani.

Mmoja alikuwa na kipande cha bomba la chuma. Nililiona linapanda, nikaliona linashuka. Mimi niliyekwambia ngumi zikiniona zinapinda kona, sikukwepa. Nilisimama pale kama gunia. Shemeji alinikamata kola kutoka nyuma, akanivuta ndani, akapita mbele yangu. Alikuwa amevaa lile shati la kusemea. Alikuwa anapaza sauti, ile ya redio, "Rangi imegeuzwa! Ni vumbi! Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesoma!" Alisema ni kosa lake. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati nasikia.

Bomba lilimpata juu ya sikio. Akaanguka ngazi zote mpaka chini, na waliokuwa chini hawakujua ni nani, walimpokea tu. Kwa viatu. Kwa madumu. Walipoishiwa nguvu waliondoka, na mmoja wao alikuwa analia. Bango bado limesimama. Jana nilikwenda na panga nikaanza kukata miguu yake, nikapigwa na mlinzi, na nilitaka apige zaidi.

Sikukwambia kwa sababu kila nilipoandika jina lako juu ya karatasi, mkono ulianza kusimulia jinsi nilivyoponea. Ndio wimbo pekee ninaoujua.

Nakuja naye. Dereva amekubali, tutapanda nyuma juu ya magunia, tutafika siku ya pili baada ya barua hii. Nimemtuma dereva, akishakupa barua hii, amwambie mwenyekiti wako kwamba hata kama muda aliotoa umepita, Shemeji hatazikwa mpaka watu wakae kikao kwanza. Siwezi kusema kwa mdomo wa Shemeji, lakini usiku mmoja aliniambia mwenyewe kwamba kinu ni chako, na nitalisema hilo mbele ya ndugu zake, mapanga yakiwepo au yasiwepo. Sitatania. Wakinipiga, safari hii watanipata, maana sioni tena wa kupita mbele. Na wewe ukinifukuza, nitalala nje kwenye maganda ya mahindi mpaka mkono wako unyanyuke uje unipige mwenyewe.

Kuhusu lile jambo la bombani uliloniuliza, nikajifanya sijaona swali. Dumu lile lilikuwa linakuja kwangu, Shemeji akaingiza uso. Na kabla ya hapo, kwenye soko, mtu aliponijia na kisu, ni Shemeji tena aliyekishika, alirudi nyumbani na kiganja kimefungwa kitambaa, mimi nikakuandikia kwamba nimeponea. Miezi yote hii.

Sina bahati, dada. Nilidanganya. Nilikuwa na mumeo.

Mdogo wako