Mkanda wa Kilo Kumi Ulioko Chini ya Bwawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, kazini huitwa Mizani
Umri: miaka 43
Kazi: mpima uzito na mtunza vifaa, kikosi cha wazamiaji
Makazi: nyumba za wafanyakazi, mlango wa sita
Yameandikwa tarehe 17, saa 4:20 asubuhi, chumba namba mbili

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Tangu juzi mmemweka ndani msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Kamba, eti alimvuta mdogo wangu kutoka majini kwa pupa mpaka pafu likapasuka. Hakumvuta. Andika hilo kwanza, afande, mengine yafuate.

Mdogo wangu ni mzamiaji. Tunamwita Kibuyu kwa sababu mwili wake hauzami. Baharini, bila kilo kumi kiunoni, utamkuta juu juu anapiga mateke kama mtoto anayekataa kuoga. Kilo hizo ni vipande vya risasi kwenye mkanda. Risasi ya madini, afande, si ya bunduki. Vikipungua, mtu haendi chini. Vikizidi, anakwenda kama jiwe. Ndiyo maana kabla ya kazi kila mzamiaji huelea wima kwanza pembeni, koti lake la hewa likiwa tupu, amezuia pumzi. Maji yakikomea machoni, uzito uko sawa. Sisi tunaita kusimama macho, na anayethibitisha ni mimi.

Mnamo tarehe 14, saa 3:10 asubuhi, tulikuwa bwawani kukagua lango la chini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza pale. Miaka yote tumefanya kazi baharini. Maji ya chumvi humbeba mtu kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo Kibuyu alipaswa kupunguziwa kilo tatu. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini tulikuwa tumechelewa. Nilifungua daftari, nikasoma kumi, nikamfunga kumi. Nilipomwambia ashuke nimpime, akacheka: "Dada, tangu lini ukakosea? Nifunge twende." Kichwa kikanivimba. Bwana Kamba, aliyeshika kamba ya usalama, akauliza, "Amesimama macho?"

Nikajibu, "Amesimama."

Ulikuwa uongo. Bwana Kamba hakuwa na sababu ya kunishuku.

Saa 3:25 alizama. Kamba ilishuka mbio kuliko kawaida, nikaiona, nikanyamaza. Najichukia kwa hilo. Saa 3:41 aliibuka kwa kishindo, koti limetuna hewa, kiunoni hana mkanda, damu mdomoni. Anayeijua kazi hii haulizi kilichotokea. Alielemewa kule chini, akajaza hewa kotini imbebe, haikutosha, akaufungua mkanda. Kilo kumi zikamtoka kwa mpigo na koti likamrusha juu, hewa ikamtanukia kifuani mpaka pafu likapasuka. Vibarua waliokuwa juu ya ukuta wa bwawa walimwona Bwana Kamba akikusanya kamba haraka haraka, wakadhani anavuta. Kamba ilikuwa imelegea. Alikuwa anaiondoa isimnyonge.

Aliyeleta mashtaka ni mama yetu. Simlaumu, aliambiwa na vibarua. Jana jioni, nje ya wodi, nilimweleza yote. Akanishika mkono: "Mmoja yuko kitandani na mpira kooni, na wewe uende ndani? Nyamaza, mwanangu." Nikamwambia, "Mama, siwezi kulala mtu akiwa ndani kwa kosa langu." Tangu hapo hajanisemesha, na inaniuma kuliko chochote mtakachonifanya hapa.

Tumeni mzamiaji bwawani, chini ya pale Kibuyu alipoibukia. Mkanda upo, una vipande vitano vya kilo mbili mbili. Viwekeni kwenye mizani yoyote, hata ya sokoni. Vikitimia kilo saba, niiteni mwongo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ndiyo niliyoyatenda. Nimesomewa, nimesikia, hakuna neno la kufuta.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa, saa 5:05)

MAELEZO YA OFISA: Nilimsimamisha shahidi katikati na kumwonya kuwa maneno yake yanaweza kumfanya mshtakiwa. Alisema anajua, akauliza tu kama msimamizi ataachiwa leo. Kabla hajatia sahihi, mama yake aliingia bila ruhusa, akaniomba niichane karatasi. Shahidi alimwambia, "Shikamoo, mama," akamvutia kiti, kisha akatia sahihi mbele yake.