Maji ya Safari na Milango ya Dobri

Mitko, uko? Gari la Dobri limemfungia mjukuu wake ndani!

Kalina, miezi kumi, jua la Agosti, vioo juu, ufunguo ndani!!

Unamjua Dobri, fundi asiye na mwalimu. Wiki tatu anapima fyuzi na kupekua nyaya za bawabani, haoni kitu. Gari likikaa uani, kufuli kimya. Siku ya safari tu, KWAA, zinajifunga zenyewe.

Leo mtoto ameiva uso kama pilipili. Dobri anavuta vitasa, roho mkononi. Anageuka amwite mkewe, anamkuta kasimama na ndoo tupu ya shaba, ile ya kumwaga maji ya kumtakia msafiri heri.

“Stoyna, maji ya safari umeyamwaga wapi?”

“Kwenye mlango wako wa gari, kama siku zote. Ndiko bahati inakoingilia.”

Bahati! Ilipita kwenye mpira wa kioo uliochakaa, ikashukia nyaya alizoziunga Dobri mwenyewe kwa tepu, kufuli zikajifunga!

Akampokonya ndoo, akavunja nayo kioo. Mtoto mzima, kilio chake kimefika mto Danubi.

Sasa wanataka kumpeleka kwa daktari. Dobri analia juu ya usukani: “Stoyna, ukimwaga hata tone, tunaachana!”

Na Stoyna, Mitko, nakuapia, yuko kisimani anajaza ndoo.