Papa Niliyemfuta kwenye Tovuti

Kivinje, Jumanne, baada ya Isha

Nimechoka kuliko siku ile niliyobeba jenereta peke yangu kutoka Masoko.

Mpwa wangu Zuhura amekuja kutoka Dar na tovuti aliyoitengenezea gesti yangu, kaichapa kwenye karatasi niikague. Tukampelekea jirani, mwalimu mstaafu. Maneno niliyatunga mimi, nikategemea sifa. Akatoa kalamu nyekundu! Mimi niliyeishia darasa la nne nikasimama nimefunga mikono, kama nangoja fimbo.

"Bwana Selemani, ukurasa mzima ni wewe unapigana na papa baharini. Vyumba viko wapi?"

"Mwalimu, papa ndiye anayevuta wageni."

"Anawavuta au anawafukuza? Mgeni anataka kujua kama kuna choo na chandarua."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, si nilikwambia!"

Sijapata mgeni tangu mwezi uandame. Tovuti nayo ikishindwa nafunga gesti, na hilo sijamwambia mtu.

Basi nimeandika upya. Vyumba vinne, vyandarua vipo, choo cha nje, maji ya ndoo. Yote kweli.

Papa nimemfuta. Kusema haki alikuwa mdogo, tena nilimkuta ameshakufa, lakini nilikuwa nimemzoea.