Ngoy Atakuwa Ofisa wa Meli ya Vita

Jumamosi. Baridi ya kiangazi imeuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hata kwenye mashuka, na mdomo wangu una uchungu kana kwamba nimetafuna kwinini.

Orodha imetoka.

Niliikuta saa tatu asubuhi, imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya zone, wilaya yetu: vijana waliochaguliwa kwenda Ulaya kusomea uofisa wa jeshi la majini. Nilisoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Mukendi, jina langu, halimo. Ngoy yumo.

Ngoy ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulipanda treni pamoja kwenda Lubumbashi kufanya mtihani, na kutoka stesheni ya Tenke hadi tuliposhuka nilimfundisha hesabu za pembe juu ya sanduku langu la bati. Alikuwa bado anachanganya sinus na cosinus. Kuogelea hajui. Tukienda mtoni Lualaba yeye hubaki ukingoni kulinda nguo zetu, akisema anaogopa mamba, na mamba hatujamwona hata siku moja.

Sasa atakwenda kuongoza meli. Mungu ambariki. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyopaswa kuandika, lakini leo sina baraka ya kumpa mtu.

Karani wa ofisi ananijua, tunasali misa moja. Alinivuta pembeni akaniambia bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza saa ya treni: "Points yako iko mingi kupita ya mwenzako. Lakini kila région iko na nafasi yake, na ba Kasai muko bengi, yenu imejaa. Kwa Shaba, nafasi ilibakia. Kama uliandika Shaba, sasa uko mu liste."

Kama niliandika Shaba.

Niliandika Shaba, mkoa wetu huu. Nimezaliwa hapa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni ya migodi, na Kasai walikotoka wazee wangu sijawahi kuikanyaga. Ile fomu ilipokuja, kwenye mstari wa asili niliweka Shaba kwa penseli. Lakini kwetu hakuna karatasi ya serikali inayotoka nyumbani kabla haijapita mkononi mwa tata, baba yangu. Yeye ndiye mwenye mwandiko wa wamisionari, yeye ndiye huweka wino juu ya penseli zetu sote, toka kadi za ubatizo hadi yale majina mapya serikali ilipotuamuru kuacha ya watakatifu. Alifika kwenye mstari ule, akafuta kwa kifutio, akaandika Kasai. Herufi nzuri kabisa. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake na sikusema neno.

Kosa langu ni hilo. Nilidhani ni karatasi tu.

Nikirudi nyumbani nilipita kwa mzee Bolumbu, bawabu wa kiwanda, ambaye zamani alikuwa baharia kwenye boti za jeshi. Yeye ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Nilikuwa mdogo aliponiambia kwamba maji haya ya Lualaba tunayoogea ndiyo yanayokuja kuwa mto mkubwa na kumwagika baharini, na tangu siku hiyo sikutaka tena kuwa fundi wa shaba. Watu wakanicheka. Baharia wa Kolwezi, waliniita, baharia wa vumbi.

Leo nilimwuliza kama hakuna njia nyingine ya kuwa ofisa. Alifikiri, akavuta sigara yake mpaka karibu na vidole. Njia zipo, alisema. Kuna shule ya ubaharia wa meli za mizigo kule magharibi. Ukitoka na cheti na ukapata uzoefu kidogo, jeshi huweza kukuchukua. Ila uwe na ndugu Kinshasa wa kukulaza na kukulisha, nami sina. Kuna kusomea uinjinia chuo kikuu, halafu jeshi likuhitaji kwa ajili ya mitambo yake. Ila chuo nacho kina fomu, na fomu nayo ina ule mstari.

Halafu kuna njia yake yeye. Kuingia baharia wa kawaida, matelot, upige deki, upake rangi, upande cheo kimoja kimoja, na siku moja kamanda akupende akupeleke kozi ya maofisa. Bolumbu alipiga deki miaka kumi na tano. Kamanda hakumpenda.

"Kwa matelot habaulizake asili," aliniambia. "Ya kukamata brosi ya deki, muntu yeyote anatosha."

Nilifika nyumbani nikiwa nimewaka. Tata alikuwa uani anashona kiatu chake cha kazini. Sikumsalimia. Nilimwambia: "Tata, mumeniua na wino yenu." Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ina unga. Kwetu mtoto hasemi hivyo na baba, na nilipokwisha kusema nilingoja kofi.

Kofi halikuja. Aliweka kiatu chini, akaniambia nikae.

Akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Katika ile miaka ya fujo baada ya uhuru, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa huku na kupakiwa kwenye treni, yeye alibaki. Nilijua alibaki, sikujua kwa bei gani. Alijiita mtu wa Kamina, mji wa huku huku, na kwa kuwa lugha ya kule anaijua, wale waliokuwa wakifukuza watu walimwamini mwanzoni. Siku moja wakampeleka stesheni ili wamhakikishe. Kaka yake, baba yangu mkubwa ambaye mimi nimeambiwa siku zote alikufa kwa homa, alikuwa kwenye behewa tayari. Wakamwuliza tata kama anamjua mtu yule. Akasema hamjui.

Kaka yake alimtazama, akasema naye hamjui.

Homa ilikuwa ya kweli. Ilimkuta njiani, na sisi hatujui alizikwa wapi.

"Njo maana niliandika Kasai," tata alisema. "Niliapa sitakana tena bantu betu. Ata kwa karatasi."

Halafu alifanya jambo ambalo lilinimaliza kuliko hadithi yenyewe. Aliingia ndani, akarudi na fomu ya pili, ile tupu niliyopewa akiba endapo ya kwanza ingeharibika. Akafungua kalamu yake. Akasema mwaka ujao watafanya tena mtihani, na nikitaka ataandika Shaba, hapo hapo, na sahihi atatia yeye mwenyewe ili dhambi isiwe yangu. Akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mstari, akaningoja.

Nilikuwa nimekitaka kitu hicho tangu asubuhi. Nilikuwa tayari kumlaumu kwa kuninyima hicho mpaka nife. Na kilipoletwa mbele yangu, nilikunja ile fomu nikaitia mfukoni, nikamwambia aache.

Sijui kama ni heshima au ni ukaidi. Nina hasira naye bado, nisijidanganye. Nina hasira na waliompeleka stesheni, na karani aliyeniambia kwa upole, na hata Ngoy, ambaye kosa lake ni kuzaliwa na baba wa huku. Amekuja jioni kuniaga, ameleta soda mbili, akaniuliza kama nitamsaidia tena na hesabu kabla hajasafiri. Nimemsaidia. Saa nzima.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa kambi ya jeshi, kwenye mstari wa wanaojiandikisha ubaharia wa kawaida. Mama amelia. Tata amemaliza kile kiatu chake na amekiweka karibu na kitanda changu, kwa sababu changu kimetoboka.

Baada ya miaka michache Ngoy atapita kwenye sitaha akiwa na nyota begani, nami nitaweka brashi chini, nisimame wima na kumpigia saluti. Ndiyo sheria. Jioni hii nimejaribu mbele ya kioo cha mama. Mkono unapanda vizuri.

Uso ndio unaokataa.