Mshipa wa Mkono, Siyo Ule Mwingine

Keko, Jumapili

Mpwa wangu Apolonia,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mke wangu Flaviana hajambo, mvua zimepungua.

Nimedhalilishwa, mwanangu! Nilikwenda zahanati kwa ajili ya mkono wa kulia unaokufa ganzi. Nesi akatangaza mbele ya foleni nzima: "Mzee, tatizo lako ni mshipa." Kasimiri fundi sofa alikuwepo, na kwake mshipa ni ule mmoja tu. Kabla sijafika karakana yangu ya useremala, mtaa mzima ushajua nina busha! "Fundi, kaa taratibu," wananiambia, na mto wananiletea!

Nikamrudia yule nesi. Akasema ni mishipa ya fahamu. Eti ina seli zenye matawi ya kupokea habari na mkia mrefu wa kuzipeleka, ila mkia haugusi seli ya jirani. Pana upenyo, habari inavushwa kwa kemikali.

"Binti," nikamwambia, "kiungo kisichogusana ni kiungo gani? Mie niliunga kitanda kwa ndimi tupu, mbao ikiuma mbao bila msumari, mafuriko yakakibeba kikaokoa watu tisa!"

Akacheka. Akasema nisipowahi hospitali kubwa, habari zitaacha kufika vidoleni. Nikaondoka kwa hasira.

Lakini wewe unasomea uganga wa hospitali. Panda basi, nitakupokea stendi ya Mbezi Luis, twende wote. Jana randa ilinitoka mkononi ikaanguka, nami nikaendelea kusukuma mkono mtupu juu ya ubao, nikidhani bado nimeishika.

Ni mie mjomba wako,
Gervas