Kumhamisha Mkunga wa Mtama

Lindi,
9 Oktoba 1954

Kaka Yahya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Tanga ukiwa na nguvu zako, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Magoti yanampa tabu, lakini sauti yake haijapungua hata kidogo, majirani ni mashahidi. Mvua bado, na maji ya kisima chetu yameanza kuwa na chumvi.

Nianze na habari za kazi, maana najua huulizi lakini unataka kujua. Tangu mradi wa karanga wa Nachingwea ushindikane, kazi yetu kubwa imekuwa kuhamisha watu. Wazungu walipofunga virago tuliwabebea vitanda na mabafu yao ya mabati mpaka Mtwara. Sasa maofisi nayo yanahamia hukohuko, na makarani wanayafuata na wake na kuku. Lori ni lile lile la jeshi ulilolijua. Baba amelibadilisha injini, na Gregori, utingo wetu, ameupaka mlango rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka dirisha la msikiti.

Mwezi uliopita aliletwa kwetu mteja aitwaye Apolonia, mkunga wa Mtama, aliyepata uhamisho kwenda zahanati ya Mitole. Ni mwanamke mnene, mjane, msema kweli mpaka unakereka. Kwa kuwa angekuwa mwanamke peke yake garini, baba aliniambia nifuatane nao. Tangu niachike na kurudi nyumbani mimi ndiye ninayepokea wateja na kushona maturubai, kwa hiyo sikuona ajabu.

Tulipokuwa tukipakia Mtama, Apolonia alimwuliza baba ilikuwaje Mshihiri akawa mhamishaji. Unamjua baba kwa swali hilo. Alimweleza jinsi alivyotoka Shihr, Uarabuni, na ami yake akiwa hajaota ndevu, akabeba magunia ya forodha kwa mgongo hapa Lindi, mpaka akamwambia ami yake kwamba mgongo una mwisho wake, wanunue rikwama, mkokoteni wa kusukuma kwa mikono. Nyumba ya kwanza aliyoihamisha kwa rikwama ilikuwa ya babu yetu, aliyekuwa amefika kutoka Kilwa Kivinje. Binti wa nyumba alikataa kinu chake kisiguswe na mwanamume asiyemjua, akakibeba mwenyewe kichwani akitembea nyuma ya rikwama njia nzima. Ndiye mama. Baada ya vita vya Hitla serikali ikauza malori ya askari, na rikwama ikastaafu. Hayo yote unayajua. Nayaandika kwa sababu siku ile aliyasimulia kwa kirefu kuliko kawaida, huku akipapasa kamba za mzigo fundo kwa fundo, na mimi nikadhani ni uangalifu wa uzee.

Tulilala Lindi, na asubuhi tukashika njia ya Kilwa. Utamkumbuka Gregori na mdomo wake. Bado ni yule yule Mmwera wa Rondo, mvi zimeingia, anasali rozari yake kila tukisimama, na safari nzima hanyamazi. "Shimo kulia, mzee. Mbuzi. Mama na kuni zake. Kona inakuja, kata, kata zaidi, haya nyoosha." Wateja humcheka, na baba huwaambia kwamba utingo mkimya ni utingo anayesinzia.

Apolonia hakucheka. Tulipopita vijiji vya mwanzo alisema kichwa kinamwuma kwa kelele, na kwamba amelipa kusafirishwa, hakulipa kuhubiriwa. Akamtaka Gregori aende nyuma kushikilia kabati lake la kioo. Gregori alikataa. Apolonia akashuka, akasimama barabarani, akasema lori haliondoki. Gregori alimtazama baba, na baba akamwambia aende nyuma. Mimi nikakaa katikati, Apolonia mlangoni.

Baba hakuondoka. Alisema injini imepata moto. Tukangoja. Nilimwambia kwamba hata moshi hautoki, akanijibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Mwishowe akaingiza gia, akaenda mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, mikono imeng'ang'ania usukani. Nyuma Gregori alikuwa akipiga bati na kupaza sauti, lakini upepo uliichukua.

Mbele yetu mti ulikuwa umeanguka, umelala barabara nzima. Ulionekana tangu mbali, hata mtoto angeuona. Nilingoja baba apunguze. Hakupunguza. Nikampigia kelele, "Baba, mti!" naye akauliza, "Upande gani?"

Hilo swali, kaka, bado nalisikia.

Niliushika usukani pamoja naye tukaingia porini. Lori liligonga kichuguu likasimama. Hakuna aliyeumia ila Gregori, aliyechanika kiwiko. Kabati la kioo likavunjika lote. Nilitegemea Apolonia atapasua mbingu. Badala yake alizunguka mpaka upande wa baba, akamtaka amwangalie, akapeleka kidole chake kushoto na kulia mbele ya uso wake. Kisha akamwuliza kwa upole ni tangu lini.

Baba alishuka akaketi chini, ameegemea tairi. Gregori ndiye aliyejibu. Alisema jicho la kulia lilikufa zamani, na la kushoto limeingiwa na ukungu, linaona mtu akisimama karibu lakini barabara halioni. Alisema mzee alimwapisha kwa msalaba wake asimwambie mtu, na kwamba kila safari yeye Gregori alipofika nyumbani alikuwa hawezi kula kwa woga. Nilimwuliza baba kwa nini hakukuachia wewe lori, nawe uliililia kazi hiyo mpaka ukaondoka nyumbani.

Hapo baba alizungumza. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Yahya angekaa karibu nami siku moja tu angejua. Nilimfukuza mwanangu kwa sababu ana macho mazuri."

Kwa hiyo ile asubuhi aliyokwambia kwamba hutagusa usukani wake akiwa hai, ukasema anapenda chuma kuliko damu yake, alikuwa tayari haoni upande uliokuwa umesimama. Hakukuona ulivyobeba sanduku. Mimi nilikuwepo na sikutambua, na mama vilevile.

Lori lililokuwa likipita lilituvuta kutoka porini, na dereva wake akatufikisha Mitole; kurudi Lindi tulikodi dereva. Apolonia hakudai kitu kwa kabati. Alimwandikia mganga mkuu wa hapa, naye amesema jicho la kushoto huenda likadumu mpaka masika, huenda lisidumu. Hatampasua, anaogopa litaharibika kabisa.

Baba sasa anakaa barazani. Akisikia gari linapita hutaja ni la nani, na hakosei. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikueleze yote lakini nisikuombe urudi, kwa kuwa hana uso wa kukuomba. Nimemwahidi. Kwa hiyo sikuombi. Nakuarifu tu kwamba lori liko uani, Gregori huliwasha kila asubuhi betri isife, na kwamba mtu akimsogelea baba kwa karibu, mchana, pasipo kivuli, baba bado anaiona sura ya mtu huyo.

Msalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Gregori anakusalimu. Apolonia naye, ingawa hamjuani, amesema nikutajie jina lake.

Wako nduguyo wa tumbo moja,
Sada binti Rashidi